Mwimbaji Mkuu na Kundi Lake: Jinsi Wasikilizaji wa Usukuma Wapokeavyo Sauti Mpya

Kundi la muziki likibadili mwimbaji wake mkuu, kisha likatoa nyimbo mpya katika santuri, kanda au albamu, wasikilizaji hugawanyika. Wako wasemao kwamba kundi limekufa na kilichobaki ni jina tu. Wako wasemao kwamba jina ndilo kundi lenyewe, na kwamba mtu huja na kupita. Ugomvi huu wasikika popote penye bendi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mambo ya mapenzi tu, yasiyo na kanuni wala maana kwa mwanafunzi wa lugha na mila. Lakini katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga na Kahama hata machimbo ya dhahabu ya Geita, ugomvi huu una historia ndefu kuliko redio na gitaa. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kuwahukumu waimbaji hadharani, yenye taratibu zake na msamiati wake, kabla sauti yoyote haijatiwa katika santuri. Makala haya yakusudia kueleza desturi hiyo, kuonyesha jinsi ilivyokutana na muziki wa dansi uimbwao kwa Kiswahili, na kutafuta sababu kwa nini sauti mpya hupokewa vema katika kundi moja na kukataliwa katika jingine.

Wagika na Wagalu

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma vinavyoshindana, navyo huitwa Bagika na Bagalu, au kwa matamshi ya Kiswahili Wagika na Wagalu. Mapokeo yao yasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili wa ngoma na dawa, mmoja akiitwa Ngika na mwenziwe Gumha, nao walishindana kujua ni nani mwenye ufundi na dawa ya kuvuta watu zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wafuasi wa Gumha ndio Bagalu. Hata baada ya waanzilishi hao kufa, pande mbili hizo hazikufa. Vijiji na koo zilijigawa, watoto walirithi upande wa wazee wao, na vikundi vingi vya ngoma vya Usukuma vilihesabiwa kuwa vya upande huu au ule.

Jina la kwanza la majina hayo lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Kiambishi ba- cha Kisukuma ni sawa na wa- ya Kiswahili, nacho hutumika kwa watu wengi. Basi Ngika alikuwa mtu mmoja. Bagika ni watu wasio na idadi. Jina la mwanamume mmoja aliyekufa zamani limewekewa kiambishi cha wingi, likawa jina la kundi lisilomhitaji tena awe hai. Kwa neno moja hili Wasukuma walikwisha kujibu swali liwasumbualo wapenzi wa bendi hata leo, yaani kama kundi laweza kuishi bila mtu aliyelipa sifa. Jibu lao lilikuwa kwamba laweza, ila kwa masharti.

Masharti hayo huonekana katika mbina, yaani ngoma yenyewe ya mashindano. Wakati wake ni baada ya mavuno, hasa kuanzia mwezi wa Juni, watu wapatapo nafasi na chakula. Vikundi viwili huwekwa katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, navyo hucheza na kuimba kwa wakati ule ule. Watazamaji hawalazimiki kukaa upande wowote. Wavutiwapo na wimbo, au na mchezo, au na kioja kilichozuliwa na wachezaji, hukimbilia huko. Wakichoka hurudi upande wa pili. Mwisho wa mashindano, kundi lililo na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hapana kura inayopigwa, wala hapana waamuzi wenye vitabu. Hukumu ni miguu ya watu.

Kiongozi wa nyimbo katika vikundi hivyo huitwa ningi, na wingi wake ni baningi. Ningi si mwimbaji tu kwa maana ya kawaida ya Kiswahili. Yeye ndiye atungaye maneno, ndiye aanzishaye wimbo, na ndiye ajibuye mafumbo ya mpinzani wake. Katika wigashe, ngoma ambayo jina lake latokana na neno la Kisukuma lenye maana ya kuketi, waimbaji huketi chini na mashairi ndiyo yapewayo nafasi kubwa. Katika bugobogobo, ambayo asili yake ni kazi ya kulima kwa pamoja, majembe huchezwa kwa kufuata mapigo ya ngoma. Katika ngoma za vyama vya mafundi wa nyoka na vya wawindaji wa nungunungu, wanyama na vifaa vya kazi huletwa uwanjani. Katika zote hizo ningi hujitaja mwenyewe ndani ya wimbo, hutaja jina la baba yake, hujisifu, na humdharau mshindani. Hiyo ndiyo desturi ya utungaji wa huko.

Jambo la kujitaja ndani ya wimbo lina uzito mkubwa katika habari hii. Wimbo wenye jina la mtunzi wake hauwezi kuimbwa na mrithi bila moja katika mambo mawili: ama alibadili jina na kuufanya wimbo uwe wake, ama aliache jina na kuuimba kama ukumbusho wa aliyetangulia. Njia zote mbili zilikubalika, lakini hakuna hata moja iliyomtosha mrithi kushindia mbina. Kila msimu ulidai nyimbo mpya, kwa kuwa mambo mapya yalikuwa yametokea: mvua, njaa, bei ya pamba, safari, ndoa, siasa. Mrithi wa ningi, basi, hakupimwa kwa kulinganishwa na sauti ya marehemu. Alipimwa kwa kulinganishwa na adui aliyesimama mbele yake siku ile. Sauti ya aliyetangulia ilibaki katika kumbukumbu za wazee peke yake, na kumbukumbu haina mlio wa kuweza kuwavuta watu uwanjani.

Kadhalika yafaa kuangalia jinsi wataalamu walivyolishika jambo hili. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu juu ya msanii na dola, akiwachunguza waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Msomi humfuata mtu, kwa sababu anatafuta fikira na maneno ya mtunzi. Umati wa mbina hufuata upande, kwa sababu unatafuta ushindi. Tofauti hiyo ya macho ndiyo iwagawanyayo pia wapenzi wa bendi: mmoja husikiliza kama msomi, akimtafuta mtu, mwingine husikiliza kama mtazamaji wa mbina, akilitafuta kundi.

Machimbo, reli na redio

Usukuma haukuwa nchi iliyojifungia. Katika karne ya 19 vijana wake na jirani zao Wanyamwezi walichukua mizigo hata pwani, wakarudi na maneno ya Kiswahili na nyimbo za safari. Katika karne ya 20 kazi ya madini iliongeza mchanganyiko huo. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu zamani za wakoloni, na mgodi mkubwa wa wakati huo ulifungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, karibu na Shinyanga, almasi iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na mji mzima wa wafanyakazi ukaota juu yake. Baadaye mgodi mpya wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, wakati wachimbaji wadogo wakiendelea na kazi zao katika mahali kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Mwaka 2012 Geita ilifanywa kuwa mkoa.

Kambi ya machimbo hukusanya Wasukuma, Waha, Wahaya, Wakurya, Wajita na wengine wengi, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Ningi aimbaye kwa Kisukuma chenye mafumbo hafahamiki na nusu ya kambi. Mwimbaji wa dansi aimbaye kwa Kiswahili hufahamika na wote. Kwa hiyo, ijapokuwa mbina haikufa, muziki wa bendi ulipata masikio tayari, na masikio hayo yalikuwa yamekwisha kufundishwa jinsi ya kuhukumu.

Njia kuu iliyouleta muziki huo ilikuwa redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, yakawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Kwa muda wa miaka karibu 30 Radio Tanzania ilikuwa sauti ya pekee ya nchi upande wa Bara, mpaka redio za watu binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990. Bendi zilipiga nyimbo zao katika studio ya redio hiyo, na nyimbo hizo ndizo zilizotangazwa nchi nzima. Nyingine zilitiwa katika santuri huko Nairobi. Baadaye zikaja kanda, ambazo mtu aliweza kuzinunua stendi na kuzipiga nyumbani, kambini au ndani ya basi. Kisha zikaja diski, na mwisho kadi ndogo za simu. Neno albamu lilipoingia, lilitaja mkusanyo wa nyimbo ambao kwanza ulijulikana kwa jina la kanda.

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea. Katika mbina sauti ya ningi ilikwisha siku ile ile. Katika santuri sauti haikomi. Mwimbaji akiondoka, au akifa, wimbo wake waendelea kupigwa kila siku kwa sauti yake ile ile, isiyozeeka wala kukosea. Mrithi wake sasa hana mshindani mmoja tu wa upande wa pili. Ana wawili, na wa pili ni mtangulizi wake mwenyewe, akiimba katika redio ya kila nyumba. Kule uwanjani mrithi aliweza kushinda kwa wimbo mpya mzuri. Katika redio wimbo mpya hupigwa, na baada yake hupigwa ule wa zamani, na msikilizaji hupima papo hapo. Malalamiko ya wapenzi wa bendi kwamba “siyo ile” yametokana na kipimo hiki kipya, ambacho wazee wa mbina hawakuwa nacho.

Bendi zilizobadili waimbaji

Historia ya dansi nchini Tanzania ina mifano ya kutosha ya kulipima jambo hili. Mifano hiyo ilitokea zaidi Morogoro na Dar es Salaam, lakini iliwafikia watu wa Shinyanga na Geita kwa njia ya redio sawasawa na ilivyowafikia watu wengine, na bendi nazo zilikuwa na desturi ya kusafiri kwenda kupiga mikoani.

Mfano wa kwanza ni Cuban Marimba ya Morogoro. Salum Abdallah, aliyeiasisi na kuiongoza, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, hali akiwa katika kilele cha sifa. Uongozi ulishikwa na Juma Kilaza, mwimbaji na mtunzi. Kilaza hakujaribu kuwa Salum Abdallah wa pili. Alitunga nyimbo zake, akaziimba kwa sauti yake, na bendi iliendelea kusikika hata miaka ya 1970. Katika lugha ya Usukuma yaweza kusemwa kwamba ningi mpya alileta nyimbo za msimu mpya.

Mfano wa pili watoka mji ule ule. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la kwanza, yote katika mtu mmoja. Alipohama, wapenzi wengi walimfuata, na Morogoro Jazz haikurudia sifa yake ya awali. Alipokufa katika ajali ya gari Mombasa mwezi wa Januari 1979, Super Volcano nayo haikudumu. Wakati huo sauti yake iliendelea kupigwa katika redio, na yaendelea kupigwa hata sasa. Hapa kundi lilishindwa na kanda, kwa kuwa sauti, maneno na gitaa vyote viliondoka pamoja, na hapakubaki kitu ambacho mrithi angeweza kukishika na kuanzia.

Mfano wa tatu ndio mkubwa kuliko yote, na ndio unaofanana zaidi na habari ya Wagika na Wagalu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ilibadili jina kila chama kilipobadili jina: kutoka NUTA ikawa JUWATA, kisha OTTU. Lakini mtindo wake ulibaki kuitwa Msondo, na mwishowe bendi yenyewe ikaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji wake mashuhuri, Muhiddin Maalim Gurumo, aliondoka akashiriki kuanzisha Mlimani Park Orchestra, ambako Hassan Bitchuka naye alihamia. Bendi hiyo, iliyochukuliwa baadaye na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ilijipatia mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 Gurumo, Bitchuka na wenzao kadhaa walihama tena wakaenda Orchestra Safari Sound, wakapiga mtindo wa Ndekule. Baada ya miaka kadhaa Bitchuka alirudi Sikinde, na Gurumo alirudi Msondo, alikoimba hata karibu na mwisho wa maisha yake. Alikufa mwaka 2014.

Mtu aliyefuata sauti ya Gurumo peke yake angelazimika kuwa mpenzi wa Msondo, kisha wa Sikinde, kisha wa Ndekule, kisha wa Msondo tena. Wako waliofanya hivyo. Lakini wengi hawakufanya. Walichagua upande, wakakaa upande huo, huku waimbaji wakivuka mpaka kwenda na kurudi. Msondo haikufa alipoondoka Gurumo. Ilipata waimbaji wengine, na miongoni mwao TX Moshi William alipendwa sana mpaka alipokufa mwaka 2006. Sikinde haikufa mwaka 1985. Bendi hizo mbili zimewekwa mara kadhaa kushindana katika ukumbi mmoja, na wapenzi wao hujigawa kama watazamaji wa mbina. Vijana Jazz nayo, iliyompoteza mwimbaji na kiongozi wake Hemed Maneti mwaka 1990, iliendelea kupiga baada yake, ikiwa na mtindo wake na kundi la watunzi.

Ng'ambo ya mipaka habari ni hiyo hiyo. OK Jazz ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1956, ilibadili waimbaji mara nyingi bila kuvunjika, kwa kuwa Franco, mtunzi na mpiga gitaa, alikuwa palepale. Alipokufa yeye mwaka 1989 bendi haikuweza kusimama kwa muda mrefu kama ilivyokuwa. Huko Unguja, Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905, kimepitisha vizazi vya waimbaji na bado ni chama kile kile machoni pa wenyeji.

Mifano hii ikiwekwa pamoja, kanuni yaonekana. Kundi huweza kuishi baada ya mwimbaji wake mkuu likiwa na vitu vitatu nje ya mwimbaji huyo: mtunzi awezaye kuleta maneno mapya, jina la mtindo lisilokuwa jina la mtu, na mshindani wa kudumu. Kitu cha tatu chaweza kushangaza, lakini ndicho kinachofahamika upesi zaidi kwa Msukuma. Mpenzi wa Msondo hupokea sauti mpya ya Msondo kwa moyo mwepesi kwa kuwa lililo mbele yake ni Sikinde. Pasipo upande wa pili, kinachobaki kulinganishwa na sauti mpya ni sauti ya zamani, na katika ulinganisho huo mgeni ni nadra kushinda.

Lugha ya hukumu

Maneno yatumiwayo na wasikilizaji yanathibitisha habari hii. Kwanza kuna neno mtindo. Kwa maana yake ya kawaida ni namna ya kufanya jambo. Katika dansi limekuwa jina la kitu kinachomilikiwa na bendi: Msondo, Sikinde, Ndekule, Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora Jazz. Bendi hizi mbili za mwisho zilihusiana kwa karibu na Unyamwezi, jirani wa Usukuma. Jina la mtindo hufanya kazi ile ile ya jina Bagika, yaani huwapa wapenzi mahali pa kusimama ambapo mtu hawezi kuondoka napo.

Pili kuna upatanisho wa sarufi. Wapenzi husema “Sikinde wamepiga” na pia “Sikinde imepiga”, na mara nyingi hudhaniwa kwamba hiyo ni hiari ya msemaji tu. Lakini mwimbaji aondokapo, upatanisho huelekea kufuata maoni. Asemaye “bendi imekufa” ameifanya bendi kuwa kitu kimoja chenye uhai wake, na uhai huo umekatika. Asemaye “wamepungua” ameihesabu kuwa ni watu, na mmoja wao hayupo. Wa kwanza anatoa hukumu ya mwisho. Wa pili ameacha nafasi ya mtu kuongezwa. Mtafiti akusanyaye mazungumzo ya wapenzi wa muziki angefaidika kuvitazama viambishi hivi kabla ya kuvitazama vivumishi vya sifa na lawama.

Tatu kuna majina ya wasikilizaji wenyewe. Neno mpenzi, lililotumika sana zamani za santuri, lahusu moyo wa mtu mmoja. Mtu huwa mpenzi wa mwimbaji, wa wimbo, au wa bendi. Neno shabiki limezoeleka kwa mpira na kwa muziki, na ndani yake mna fikira ya upande, hata mara nyingine na dharau kwa mtu asiyesikia hoja. Mpenzi huweza kuhuzunika kwa kuondoka mwimbaji. Shabiki hutetea albamu mpya kabla hajaisikiliza. Wote wawili wamo katika kila umati, na mara nyingi wamo ndani ya mtu mmoja.

Nne kuna tofauti kati ya ningi na mwimbaji. Kiswahili chatenganisha mwimbaji na mtunzi, nayo bendi zilifuata mgawanyo huo, kwa kuwa mpiga gitaa au mpiga tarumbeta aliweza kutunga wimbo na mwingine akauimba. Kisukuma katika neno ningi chaviunganisha. Kwa sababu hiyo msikilizaji aliyelelewa katika mbina, asikiapo sauti ikiongoza wimbo, hudhani kwa urahisi kwamba maneno ni ya mwenye sauti. Mwimbaji akihama, husema kwamba nyimbo zimehama. Katika bendi kama NUTA hilo si kweli kila mara, maana mtunzi huenda akawa yule aliyebaki kimya nyuma ya gitaa lake.

Wimbo ni wa nani?

Hapo ndipo ugomvi wa wapenzi unapogusa haki za watu. Bendi nyingi za zamani hazikuwa mali ya wanamuziki. Zilikuwa za vyama, mashirika ya umma, jumuiya za vijana, majeshi, au wenye vyombo, na wanamuziki walikuwa watu wa mshahara. Mwimbaji alipoondoka, vyombo vilibaki, jina lilibaki, na nyimbo alizoziimba zilibaki katika maktaba ya redio kwa jina la bendi. Yeye alitoka na koo lake tu. Ilipofika wakati wa kanda, na baadaye wakati wa simu, nyimbo hizo ziliuzwa na kuigizwa tena na tena, na swali la nani alipwe likawa gumu kujibika, kwa kuwa kumbukumbu za siku ya kupiga wimbo hazikuwa zikieleza kwa ukamilifu ni nani aliyetunga, ni nani aliyeongoza sauti, na ni nani aliyeitikia.

Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, na mwaka 1999 ilitungwa Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyomtambua mtunzi na pia mwigizaji wa kazi. Sheria hiyo yatenganisha mambo ambayo neno ningi layaunganisha na jina la bendi layaficha. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi wa nyimbo za zamani wapungua kila mwaka, kadiri wanamuziki na wapenzi waliowafahamu wafavyo.

Kwa upande wa ngoma za Usukuma hali ni ngumu zaidi. Kituo cha Bujora karibu na Mwanza, kilichoanzishwa na padri David Clement, na ambako sikukuu ya Bulabo hukusanya wachezaji kila mwaka mwezi wa Juni, kimehifadhi vifaa na habari za vyama vya ngoma. Lakini nyimbo zenyewe sasa hurekodiwa kwa kinanda cha umeme katika studio ndogo za miji kama Kahama, Shinyanga na Geita, kisha huenea katika simu bila maelezo yoyote. Wimbo ulioimbwa na ningi wa zamani waweza kuimbwa na kijana wa leo baada ya kubadili jina mahali pa jina. Katika mbina badiliko hilo lilikuwa halali, kwa kuwa umati mzima ulijua wimbo umetoka wapi na ulimhukumu mrithi kwa macho yake. Katika kadi ya simu ni nani ajuaye? Msikilizaji wa kambini hakupata kumsikia wa kwanza, na desturi iliyokuwa ya urithi yageuka kuwa upotevu.

Kwa hiyo mkusanyaji wa nyimbo, awe wa chuo au wa redio, hana budi kuandika kwa kila wimbo mambo manne yaliyo tofauti: kundi, mtunzi, sauti iliyoongoza, na mwaka. Akiandika kundi peke yake, atakuwa amesimama na shabiki, naye mtunzi atasahauliwa. Akiandika mwimbaji peke yake, atakuwa amesimama na mpenzi wa sauti, na kazi ya wengine itapotea. Tena yampasa kuandika wimbo katika kila umbo ulioimbwa, la mtangulizi na la mrithi, bila kuhesabu moja kuwa ndilo sahihi na jingine kuwa limeharibika. Kwa maana mahali ambapo mrithi alibadili neno au jina ndipo hasa uonekanapo uhusiano wake na kundi alilolirithi.

Na kwa wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, hukumu yao juu ya sauti mpya yastahili kusikilizwa na wasomi kwa makini kuliko ilivyosikilizwa hata sasa. Wasemapo kwamba kundi fulani limekwisha baada ya kubadili mwimbaji, huwa hawasemi juu ya koo la mtu tu. Wasema kwamba hapana maneno mapya, au hapana jina la kusimamia, au hapana mshindani wa kushindana naye. Hivyo ni vipimo vilivyotumika katika uwanja wa mbina tangu zamani, na bendi ambazo zimedumu, kwa kujua au kwa kutojua, zimedumu kwa kuvitimiza.